Saa ya Kiswahili itatumaliza sisi wenye disleksia. Nani mwingine hapa Dar anachanganya 9:00 na saa tisa?

#1 FundiBaridi_Tandika

Wakuu habari. Uzi ni mrefu kidogo. Nauongea kwenye simu, simu inaandika, mke anasahihisha, kwa hiyo mkikuta herufi zimekaa vizuri msinisifu mimi.

Nina miaka 36, fundi wa AC na friji. Miaka miwili iliyopita mwalimu wa mwanangu wa darasa la tatu alituita shuleni akasema mtoto ana dalili za disleksia, ile shida ya kusoma na kuandika. Akawa anazitaja moja moja: anaruka mistari, anachanganya b na d, kushoto na kulia hajui, miezi hawezi kuitaja kwa mfuatano bila kurudi mwanzo. Mke wangu hakuwa anamwangalia mwalimu. Alikuwa ananiangalia mimi.

Kusoma nimeshazoea kuhangaika nako. Kinachoniua ni muda. Mfano mmoja. Mteja kaniandikia: Alhamisi 9:00, kuna AC nne za kuosha. Mimi nimeona tisa, nikaweka kichwani saa tisa alasiri. Halafu Alhamisi na Jumatano kwangu ni kitu kimoja, sijui kwa nini. Nikatokea Jumatano saa tisa alasiri, ngazi begani, bajaji nimelipa kutoka Tandika mpaka Masaki. Mlinzi akasema bosi hayupo, nijaribu kesho. Kesho nikarudi, saa tisa ileile. Mteja alinisubiri tangu saa tatu asubuhi, akachoka, akaita fundi mwingine, na yule jamaa nimemkuta yuko kwenye AC ya nne. Akaniomba nimshikie ngazi.

Nikaapa haitatokea tena. Kazi iliyofuata ilikuwa saa tatu asubuhi, nikatega simu 3:00. Ikalia saa tisa usiku. Nikaoga, nikavaa ovaroli, niko mlangoni natafuta funguo za stoo ndiyo mke anauliza, baba fulani unaenda wapi na giza lote hili?

Hoja yangu ni hii. Mwenye disleksia wa London ana kazi moja tu, kuisoma saa. Mimi wa Tandika nina kazi tatu: kuisoma, kutoa sita, halafu kukumbuka kama sita nimeshaitoa au bado. Hiyo ya tatu ndiyo inayonimaliza. Unakuta nimeandika 3 kwenye karatasi, kesho yake naiangalia, sijui hii tatu ni ya kabla ya kutoa au ya baada ya kutoa.

Wenzangu mnafanyaje?

#2 Siti_ya_Mbele

Nimeweka kambi. Ngoja wataalamu waje.

#3 DogoWaManzese

Mkuu hiyo sio disleksia, huo ni ufundi. Fundi gani nchi hii alishawahi kufika siku aliyosema? Fundi cherehani wangu ana suti yangu ya harusi mpaka leo, na mtoto ameanza chekechea.

#4 TichaChaki

#3 utani pembeni kidogo, jambo hili ni la kweli na lina umri mrefu. Neno lenyewe lilitungwa na daktari wa macho wa Kijerumani, Rudolf Berlin, miaka ya 1880. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, akaandika kuhusu kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy: ana akili nzuri, hesabu anazipenda, lakini kusoma hakuna. Mwalimu wake alisema masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angekuwa wa kwanza shuleni. Nina Percy wawili darasani kwangu sasa hivi. Wana majina mengine tu.

Sasa kwa fundi. Watu wanadhani disleksia ni kuona herufi zimegeuka. Kiini chake ni ubongo kupata tabu kuunganisha sauti na alama, na kumbukumbu ya maneno ya muda mfupi kuwa finyu. Ile "nimetoa sita au bado" inahitaji ushike namba kichwani huku unaifanyia kazi. Hapo ndipo inapodondoka. Wala si uzembe.

Ila nikurekebishe kitu kimoja. Sio kila mara unatoa sita. 9:00 unatoa, unapata tatu. Lakini 3:00 ya mchana huwezi kutoa sita kwenye tatu, unajumlisha, unapata tisa.

#5 FundiBaridi_Tandika

#4 asante mwalimu, lakini umeniongezea kazi ya nne.

#6 Hesabu_Haidanganyi

Mimi napingana na mwalimu. Unachoelezea ni ADHD, ile shida ya umakini na kutulia, sio disleksia. Kushindwa kuhisi muda unapita, kuchelewa kila mahali, kusahau miadi, hiyo ni ya wenye ADHD. Mdogo wangu anayo. Anasoma kama redio, hajawahi kukosea herufi, lakini ukimwambia tukutane saa nne anatoka kwake saa nne.

#7 TichaChaki

Hilo halipingiki moja kwa moja, kwa sababu vitu hivi viwili mara nyingi vinakaa nyumba moja. Kuna ripoti ya Uingereza ya mwaka 2009, iliongozwa na Jim Rose, inataja shida ya kujipanga kama jambo linaloweza kuonekana kwa wenye disleksia, lakini inasema peke yake sio alama ya disleksia. Kwa hiyo fundi anaweza kuwa na moja, au zote mbili. Hapa kwenye uzi hatuwezi kumpima.

#8 Mhenga_Mtarajiwa

Disleksia ni ya lugha za wazungu. Kiingereza ndicho kinaandikwa hivi kinasomwa vile. Kiswahili ba be bi bo bu, hata mbuzi akikaa darasani wiki mbili anasoma. Msituletee magonjwa ya kuagiza.

#9 DaktariWaKesho

#8 hilo lilishapimwa. Kwenye jarida la Science mwaka 2001 watafiti waliwalinganisha wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano kinaandikwa kama kinavyotamkwa, sawa na chetu. Waitaliano walisoma vizuri kuliko wenzao, kweli, lakini ndani ya ubongo udhaifu ulikuwa mahali palepale kwa wote watatu. Lugha nyepesi inaficha shida, haiiondoi. Mtu anasoma bila kukosea ila polepole, na huku kwetu polepole inaitwa uvivu.

#10 Binti_Kinondoni

#9 umenigusa. Mimi ndiye huyo. Shule ya msingi nilikuwa katikati, mwalimu anasema "anaweza ila hana haraka". Nikafika kidato cha kwanza, masomo yote Kiingereza. Nilianguka kama nazi. Neno "through" nililitazama kipindi kizima.

Kwenye mtihani maswali najua, muda unaisha niko swali la tatu. Nasikia Uingereza mwanafunzi akithibitishwa anaweza kuongezewa robo ya muda. Mimi niliongezewa fimbo.

#11 DogoWaManzese

#10 pole dada. Ile "kama nazi" lakini umeniua.

#12 MzeeWaGerezani

Vijana, naona mnaitukana saa ya Kiswahili bila kuijua. Jua likichomoza huku kwetu ni kama saa kumi na mbili, likizama ni kama saa kumi na mbili, mwaka mzima tofauti haifiki saa nzima kwa sababu tuko karibu na mstari wa ikweta. Mtu akaamka, saa ya kwanza ya mchana akaiita moja. Kosa lake nini? Wahabeshi nao wanahesabu vivyo hivyo. Cha ajabu ni hao wanaoanza kuhesabu siku usiku wa manane wakati watu wamelala.

Na wewe fundi, kuchanganya Jumatano na Alhamisi usijilaumu. Hesabu: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano ni ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu maana yake ni ya tano, kwa kuwa wao wanaanza na Jumapili. Kwa hiyo wiki yetu ina siku ya tano mbili, zimepangana. Kichwa chako kiko sawa, kimegundua jambo ambalo wengi hawajalijua.

#13 FundiBaridi_Tandika

Shikamoo mzee. Miaka 36 nimeitwa kilaza kwa ajili ya hilo. Naenda kumuonyesha mke hii post sasa hivi.

#14 MzeeWaGerezani

Marahaba. Mwonyeshe. Na usiku je, mmeuzungumza? Sisi tukisema usiku wa Ijumaa tunamaanisha Alhamisi baada ya magharibi. Vijana wa sasa wanamaanisha Ijumaa yenyewe usiku. Nimeshakosa maulidi ya watu kwa sababu hiyo, na disleksia sina.

#15 Hesabu_Haidanganyi

Ndiyo maana magazeti yanaandika "usiku wa kuamkia Jumamosi".

#16 Binti_Kinondoni

#15 na mimi hiyo "kuamkia" huwa inanibidi nifumbe macho nijione nimelala halafu naamka ndiyo nijue ni siku gani.

#17 MamaPilau_Mbagala

Jamani mimi sijapimwa popote lakini yote aliyosema fundi ni yangu. Shule niliishia la saba, jina la ukoo naliandika kwa kunakili kitambulisho. Ila napika harusi za watu 300 na chakula hakijawahi kuchelewa hata siku moja. Nitawaambia ninavyofanya.

Saa sisomi. Najua sufuria. Najua kuni zikishika, maji ya sufuria kubwa yanachemka wakati nimemaliza kumenya ndoo moja ya vitunguu. Vitunguu vikiwa rangi ya hina ndiyo nyama inaingia. Nyama ikishatoa maji yake na kuyarudisha, muda wa viazi. Mchele unaingia nikishaoga. Yaani kuoga ni kipimo. Siku nikioga haraka pilau linakuwa bichi, ni kweli, muulizeni binti yangu.

Kwa nje natumia adhana. Mwenye shughuli akiniambia chakula saa mbili usiku, namuuliza, kabla ya isha au baada ya isha? Akisema baada, nimeshaelewa. Naanza kuwasha moto watu wakitoka kuswali alasiri. Sijawahi kutoa sita kwenye kitu chochote.

#18 DogoWaManzese

Mama, kwenye harusi za Dar hata ukichelewa hakuna atakayejua. Kadi inasema saa 12 jioni, bwana harusi saa hizo anatafuta soksi.

#19 MamaPilau_Mbagala

#18 mwanangu, wageni wanachelewa. Njaa haichelewi.

#20 KondaMstaafu

Nimepiga debe Mbagala–Kariakoo miaka 11. Daladala hakuna saa, kuna trip. Trip ya kwanza, ya pili, hesabu ya bosi, basi. Niliishi raha. Nikaja kuajiriwa ulinzi, kila saa unaandika kwenye daftari nani kaingia na saa ngapi. Wiki ya kwanza nimeandika gari limetoka kabla halijaingia. Bosi alidhani naiba.

Kumbe huenda na mimi ndiyo haya mnayosema. Sijui. Mwaka wa 53 huu.

#21 DaktariWaKesho

Niongeze kitu kwa wanaopenda kujua sababu. Mwaka 1995 watafiti wa Sheffield, Nicolson na Fawcett na mwenzao Dean, waliwapa watoto kazi ya kusikiliza sauti mbili na kusema ipi imekaa muda mrefu zaidi. Wenye disleksia walipata tabu. Walipoulizwa ipi ina nguvu zaidi, hawakupata tabu. Wakasema basi shida iko kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, ule unaopanga miondoko na muda. Kwa maelezo hayo, kutohisi muda ni sehemu ya disleksia yenyewe na sio mgeni aliyekuja na ADHD.

Lakini wengi hawajakubaliana nao hadi leo. Wapo wenye disleksia ambao ubongo mdogo hauna neno.

Halafu kuna mtafiti Usha Goswami wa Cambridge, yeye anasema tatizo ni mdundo. Ubongo haushiki vizuri mapigo ya silabi, na ndiyo maana watoto wengi wa namna hii wanapata shida kugonga meza kufuata mdundo.

#22 NgomaZaPwani

#21 hapo kwenye mdundo nakataa kwa herufi kubwa. Mimi kusoma ni shughuli, ujumbe mrefu naomba wanitumie kwa sauti. Lakini ngoma napiga tangu nina miaka tisa, nikikosa pigo moja bibi yangu anatoka ndani. Huyo mama wa Cambridge aje tumchezeshe.

#23 DaktariWaKesho

Alisema wengi, hakusema wote. Na wewe umefanya mazoezi tangu miaka tisa.

#24 NgomaZaPwani

Kusoma pia nilifanyishwa mazoezi tangu miaka saba. Mbona hakukukubali?

#25 Siti_ya_Mbele

Hapo daktari jibu. Tuko hapa.

#26 TibaRangi_Asili

Poleni sana. Kwa wenye shida hii nina miwani ya rangi na karatasi maalumu za kuweka juu ya kitabu, herufi zinatulia, mtoto anasoma ndani ya siku 14. Pia kuna mafuta ya samaki. Njoo inbox.

#27 TichaChaki

#26 waache watu na hela zao. Madaktari wa watoto wa Marekani pamoja na wa macho walitoa tamko la pamoja mwaka 2009 kwamba miwani na karatasi za rangi hazina ushahidi wa kutibu disleksia. Kinachosaidia ni kufundishwa sauti na herufi, taratibu, kwa mpangilio, kila siku. Hakuna siku 14.

#28 DogoWaManzese

#26 hayo mafuta ya samaki yanarudisha na suti?

#29 Mhenga_Mtarajiwa

Sawa, nakubali ipo. Na hata Einstein alikuwa nayo, kwa hiyo fundi usikate tamaa.

#30 Hesabu_Haidanganyi

Einstein kila ugonjwa amepewa yeye. Hakuna ushahidi alikuwa na disleksia, na hakuwahi kupimwa. Kama unataka mtu wa uhakika mtaje Jackie Stewart, bingwa wa dunia wa mbio za magari mara tatu, 1969, 1971 na 1973. Aligundulika akiwa mtu mzima baada ya mtoto wake kupimwa, kama fundi wetu hapa. Na kazi yake ilikuwa kupigania sekunde.

#31 FundiBaridi_Tandika

#30 huyo nimempenda. Lakini yeye alikuwa anazunguka uwanja, hakupita foleni ya Tazara saa moja asubuhi.

#32 Hesabu_Haidanganyi

Hapo kwenye Tazara kuna jambo. Mimi disleksia sina na bado huwa nakadiria dakika 40 kutoka Gongo la Mboto hadi Posta. Haijawahi kutimia, na kesho yake nakadiria 40 tena. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliliandika hili mwaka 1979: binadamu wote tunakadiria kazi kana kwamba hakuna kitakachoharibika. Kwa hiyo tusiibebeshe disleksia kila kitu.

Dawa yake ni kuacha kukadiria, unapima. Andika mara tano muda ulioutumia kweli, halafu tumia ule mrefu.

#33 FundiBaridi_Tandika

Nilifanya hivyo wiki iliyopita baada ya kusoma uzi wangu mwenyewe. Sio kuandika, nikasema kwa sauti kwenye simu: naanza, nimemaliza. Kuosha AC moja ya ukutani mimi nilikuwa nawaambia wateja nusu saa. Nusu saa ni kuosha tu. Hapo hujaomba ngazi, hujamsubiri mlinzi apige simu ndani, hujafunika kitanda cha watu kwa nailoni, hujakausha, hujawasha ukangoja ipoe ndiyo ulipwe. Imetoka saa moja na dakika 10. AC nne nilikuwa naahidi saa mbili. Kumbe ni saa nne na zaidi. Miaka yote hiyo nilikuwa nachelewa kwa mteja wa pili kabla sijatoka nyumbani.

#34 MamaPilau_Mbagala

Ndiyo nikasema kuoga ni kipimo. Watu hawahesabu kuoga.

#35 Binti_Kinondoni

Za kwangu mimi, kwa anayetaka:

Simu nimeiweka saa ya mshale badala ya namba. Namba nikiziona 12 na 21 ni ndugu. Mshale hauna ndugu. Halafu kila jambo lina kengele mbili, ya kwanza ya kuvaa viatu, ya pili ya kufunga mlango. Zamani nilikuwa na moja ya kufika, sasa ikilia wakati nimekaa kitandani inanisaidia nini?

Kazini nafanya dakika 25 napumzika tano. Aliyeanzisha ni Mwitaliano, Francesco Cirillo, alikuwa anatumia kile kipima muda cha jikoni chenye umbo la nyanya. Kwangu 25 ni nyingi kwa kusoma, nafanya 15. Kwa kazi za mikono hata saa nzima inapita.

#36 MzeeWaGerezani

Huyo binti kasema saa ya mshale. Mwambieni fundi siri yake: kutoa sita hakuna haja. Mshale mfupi ukielekea 9, angalia upande wa pili, mkia wake ungekuwa mrefu ungegusa 3. Saa ya Kiswahili inasomwa kwenye mkia. Asubuhi, mchana, usiku, haibadiliki, na hujumlishi wala hutoi. Dakika zinabaki zilivyo. Au fanya kama baba yangu, saa ya ukutani aliitega kwa Kiswahili kabisa, jua likichomoza inasoma kumi na mbili. Mgeni akija anashangaa, hiyo ni shida yake.

#37 FundiBaridi_Tandika

Mzee. Kwenye mkia. Miaka yote.

#38 TichaChaki

Ya mkia ni nzuri. Ila ya kutega saa nzima kwa Kiswahili siiungi mkono. Tiketi, mitihani, benki, simu, vyote ni vya upande mwingine, atakuwa na saa mbili nyumbani zinazogombana. Ushauri wangu kwa fundi ni achague mfumo mmoja wa kuandika, ule wa simu, asiugeuze kabisa. Mteja akisema saa tatu, iingie kwenye simu mara moja mbele yake kama 9:00 na isiguswe tena.

#39 NgomaZaPwani

Mwalimu, "isiguswe tena" ni ndoto. Mke akiuliza unaenda saa ngapi utamjibu "saa tisa kamili za simu"? Utarudi kulekule. Mimi niko na mzee.

#40 KondaMstaafu

Na kasorobo je? Tiketi ya basi imeandikwa 14:45. Natoa sita inakuja nane na dakika 45. Halafu watu hawasemi nane na 45, wanasema tisa kasorobo. Yaani nimeshafika nane kwa jasho, nasukumwa tisa, halafu narudishwa nyuma robo. Basi liliondoka.

#41 Hesabu_Haidanganyi

#40 na mkia wa mzee hapo haufanyi kazi, 14 haipo kwenye saa ya mshale.

#42 MzeeWaGerezani

Ipo. Ni mbili. Mkia nane. Kijana, mshale wa 14:45 uko karibu na tatu, mkia uko karibu na tisa, ndiyo maana ya tisa kasorobo. Wala hujarudishwa nyuma, ulikuwa bado hujafika.

#43 KondaMstaafu

Nimechora kwenye boksi la sigara. Ni kweli aisee.

#44 MkeWaFundi

Mimi ndiye msahihishaji. Naomba niseme jambo ambalo halijasemwa. Nilikuwa namdanganya. Shughuli ikiwa saa nane namwambia saa saba. Ilifanya kazi miezi mitatu. Akagundua, akaanza kujiongezea saa moja kwa kila ninachomwambia. Siku ya kipaimara cha mtoto wa dada yangu nikamwambia ukweli kwa sababu nilimhurumia. Akafika watu wanakunja maturubai.

#45 FundiBaridi_Tandika

Hii post sikuiruhusu.

#46 DogoWaManzese

Uzi wa mwaka huu.

#47 Binti_Kinondoni

#44 dada, kudanganywa muda kunatuumiza zaidi. Sisi muda wenyewe hatuuhisi, tunaishi kwa kuwaamini mnaotuambia. Ukishatia shaka namba zote, tunabaki hewani.

#48 MkeWaFundi

Nimekuelewa. Sasa hivi tuna kalenda kubwa ukutani, Jumatano nimeipaka chaki ya bluu na Alhamisi nyekundu. Na mtoto naye anaitumia. Jana kamwambia baba yake, kesho ni nyekundu.

#49 Mtaa_wa_Nyuma

Fundi, nimesoma uzi wote, kazi unaijua. Nina AC mbili Sinza zinamwaga maji ndani. Unaweza kuja ile nyekundu saa 3? Nimekutumia namba inbox.

#50 FundiBaridi_Tandika

Nyekundu saa tatu, mkia kwenye tatu, mshale kwenye tisa. Imeingia kwenye simu. Nakuja.

#51 FundiBaridi_Tandika

Mkuu #49 niko getini kwako tangu saa tatu kasorobo. Leo ni nyekundu, nimehakikisha na mtoto. Simu hupokei.

#52 Mtaa_wa_Nyuma

Samahani fundi nilikuwa kwenye kikao. Saa 3 usiku, mchana mimi niko kazini.

#53 MzeeWaGerezani

Hukumuuliza asubuhi au usiku?

#54 FundiBaridi_Tandika

Mzee hakuna aliyeniambia kwamba mkia una usiku. Haya, #49, narudi saa tatu ya pili. Nauli ya Tandika–Sinza ya mara mbili tunaiweka wapi?